Pompi ya maji ya gari la zamani, na tundu lisilotakiwa kuzibwa



Somo letu la leo ni pompi ya maji ya moteri. Fundi wengi, wakisha kuvua nguo za kazi, wanatengeneza magari ndani ya lupango: gari la shemeji, gari la jirani, taksi ya mtu wa kartye. Kazini kuna kapita, kuna miwani, kuna ngao ya bati mbele ya kila mkanda unaozunguka. Ndani ya lupango hakuna hata kimoja cha hivyo. Kuna watoto wanaotazama, kuna kuku, kuna chupa tupu ya limonade ambamo mtu anamwaga chochote. Kwa hiyo hatari ambayo mmefundishwa kuiona mbele ya mashini kubwa, nyumbani inapita bila kupigiwa hodi.

Tumechagua gari moja la Kiingereza, dogo, la viti viwili, linaloitwa MGB. Lilianza kuuzwa mwaka 1962 na likatengenezwa mjini Abingdon, Uingereza, hata mwaka 1980, wakati kiwanda kile kilipofungwa. Yalitoka zaidi ya magari 500,000. Halikuwa gari la matajiri wakubwa. Lilikuwa gari la michezo la mtu mwenye mshahara, na leo katika Uingereza na Marekani bado watu wengi wanalitunza kwa mikono yao wenyewe, Jumamosi, nyuma ya nyumba. Moteri yake ni ya silinda 4, ya sentimita 1,798, na ndugu za moteri hiyo zilitiwa katika magari ya kawaida ya Austin na Morris.

Mbona tuzungumze habari za gari la mbali? Sababu ni moja. Pompi za magari ya siku hizi, nyingi zimefungwa kabisa: ikiharibika, unatupa, unaweka nyingine. Pompi za zamani za MGB zinafunguka. Unaweza kutoa kila kitu, kukiweka mezani, na kuona namna maji, chuma na mafuta vinavyokaa jirani bila kugombana. Kijana anayejifunza kazi akielewa pompi hii ndogo inayobebwa kwa mkono mmoja, ataelewa pia nusu ya mambo ya pompi kubwa za chini ya shimo.

VITU VILIVYOMO NDANI

Pompi imefungwa mbele ya moteri kwa bolti nne, na karatasi ya kuzibia katikati. Mbele yake kuna puli inayozungushwa na mkanda, na juu ya puli hiyo hiyo imefungwa feni, ile helisi inayovuta upepo kupitia radiatori. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa MGB karibu zote hata mwaka 1976. Kisha zikatiwa feni ya umeme. Shikeni neno hilo: feni inabebwa na pompi. Mhimili wa pompi ukilegea, feni nayo inalegea.

Ndani kuna mhimili mmoja wa chuma. Katikati ya mhimili kuna ruleman ya safu mbili za vidonge, na hiyo ruleman haitengani na mhimili. Vimetengenezwa kama kitu kimoja. Upande wa mbele wa mhimili kuna kitovu ambacho puli na feni hufungwa juu yake. Upande wa nyuma, ndani ya maji, kuna gurudumu la mabawa linalosukuma maji.

Sasa tufikiri. Upande huu ni maji ya moto. Upande ule ni grisi ya ruleman. Mhimili unapita pote pawili na unazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika moja. Nini kinazuia maji yasiingie katika grisi? Ni kizibo kidogo: pete ya kaboni, nyeusi, laini kama kioo, inayosukumwa na risoti ndogo ndani ya mpira. Pete hiyo haizunguki. Inakaa, na uso wa gurudumu la mabawa unazunguka juu yake, kaboni kwa chuma, na katikati yao kuna utando wa maji mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndio mafuta yao. Ndiyo maana haifai kuwasha moteri bila maji hata kwa dakika moja “kwa kujaribu tu”: nyuso zile zinasuguana zikiwa kavu, zinapata moto, na kizibo kipya ulichokitafuta miezi miwili kinakufa mbele ya kuanza kazi.

TUNDU LA CHINI

Kati ya kizibo na ruleman, watengenezaji waliacha nafasi, na chini ya nafasi hiyo wakatoboa tundu linalotoka nje. Juu ya mhimili, mahali pale pale, kuna pete ya mpira inayorusha matone pembeni. Kazi ya tundu ni hii: siku kizibo kitakapochoka, maji yatakayopita yasiende kwenye grisi, yadondoke chini, mwenye gari ayaone.

Basi tundu hilo ni kama mlinzi anayepiga filimbi. Na watu wanamfanyia nini? Wanamziba kinywa! Tumeona pompi zilizopigwa kijiti cha mti katika tundu lile, nyingine zimetiwa gundi ya chuma, nyingine zimekazwa vizuri kabisa kwa skrubu kama kwamba ni kazi ya kiwanda. Mwenye gari anafurahi: “Haivuji tena.” Kweli, haivuji nje. Inavuja ndani. Maji ya moto yanaingia katika ruleman, yanaosha grisi, vidonge vinapata kutu, na mhimili unaanza kucheza. Kwanza unasikia mlio kama wa panya. Kisha mlio unakuwa mzito. Kisha feni inaanza kutikisika, na siku moja, moteri ikizunguka kwa nguvu, inakata radiatori iliyo mbele yake.

Hapo heri kama hasara ni radiatori peke yake. MGB za kwanza zilikuwa na feni ya chuma. Bawa la chuma likivunjika katika mwendo ule, halichagui njia. Linaweza kupasua boneti, na likimkuta mtu ameinama juu ya moteri kusikiliza mlio unatoka wapi, linapita usoni. Fundi wa zamani wana sheria moja ambayo tunaipenda sana: moteri ikiwa inazunguka, usisimame kamwe mbele ya ukingo wa feni, simama pembeni ya gari, nyuma ya mstari wake. Tena mbele ya kuwasha, kamata bawa kwa mkono na ulitikise mbele na nyuma. Likicheza, moteri haiwashwi, hata kama mwenye gari ana haraka ya kwenda kilioni.

Hapa tuwaambie neno moja ndugu wanaofanya kazi na pompi za shimo. Ninyi mmezoea pompi zinazozibwa kwa kamba zilizosokotwa na kukazwa mahali mhimili unapotokea. Pompi ya namna hiyo ni lazima idondoke kidogo; fundi akiikaza hata ikakauka, kamba zinaungua na mhimili unalika. Kwa hiyo jicho lenu limefundishwa kwamba tone ni dalili ya afya. Kwa kizibo cha kaboni ni kinyume: tone ni dalili ya ugonjwa. Kabla ya kusema “ni kawaida”, ujue kwanza ni kizibo cha namna gani.

Na kwamba pompi si kitu cha mchezo, nani asiyejua katika nchi yetu? Mgodi wa Kipushi ulisimamisha uchimbaji mwaka 1993, lakini pompi ziliachwa zifanye kazi, usiku na mchana, kwa sababu maji ya chini hayaendi likizo. Mwaka 2011 pompi zile kubwa zilishindwa, na maji yakapanda yakafunika sehemu za chini. Ilichukua miaka ya kazi kuyatoa, na zinki ya Kipushi haikutoka tena hata mwaka 2024.

KIFUNIKO CHA RADIATORI

Kabla ya kufungua pompi ni lazima kumwaga maji, na hapa ndipo watu wengi zaidi wanapoumia. Si kwa feni, si kwa presi: kwa kifuniko.

Radiatori ya MGB, kama ya magari mengi, inafungwa kwa kifuniko chenye risoti. Kwa aina mbalimbali za gari hilo nguvu yake ilikuwa kutoka kiasi cha nusu bar hata karibu bar moja. Kwa nini? Kwa sababu maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Kwenye usawa wa bahari maji ya sufuria wazi yanachemka kwa digri 100. Yakibanwa kwa nusu bar, hayachemki mbele ya digri 111 hivi. Yakibanwa kwa bar moja, kama digri 120.

Sasa sikilizeni hesabu ya kwetu. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1,200 na zaidi, Kolwezi inapita mita 1,400. Hewa yetu ni nyepesi. Sufuria ya mama hapa inachemka kwa digri 96 au 95 tu. Basi chukua radiatori yenye maji ya digri 105, yametulia kimya, hayatoi hata povu moja, kwa kuwa kifuniko kinayabana. Unafungua. Mara moja nguvu inaondoka, na maji yale yana digri kumi za moto zaidi ya yanavyoweza kubeba. Hayangoji. Sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke yote inataka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Mvuke huo unasukuma maji mengine yote yatoke kwa shimo lile lile, na shimo hilo liko chini ya uso wako.

Kwa hiyo mtu wa milimani anaungua kwa radiatori ambayo mtu wa pwani angeifungua akapata mvuke kidogo. Kutazama hakusaidii, na kusikiliza hakusaidii. Kinachosaidia ni kungoja. Shika bomba la juu la mpira: kama mkono hauwezi kukaa juu yake, nenda ukale. Ukirudi, shika tena. Likiwa baridi, weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, geuza uso pembeni, zungusha hata kituo cha kwanza tu, ungoje pumzi itoke, ndipo umalize.

Mtu akiungua hata hivyo, fanyeni hivi. Mtoeni pale, mvueni saa, pete na nguo zenye maji ya moto kabla ya uvimbe, lakini nguo iliyogandama na ngozi iacheni. Mwagieni maji safi ya baridi, ya bomba, dakika 20 kamili. Hesabuni kwa saa, maana dakika 20 ni ndefu na mgonjwa atasema basi. Kisha funikeni kwa kitambaa safi bila kukaza, mpelekeni hospitali kama ni uso, macho, mikono, au kama jeraha linapita ukubwa wa kiganja chake. Msipake mawese, msipake dawa ya meno, msiweke barafu. Mama, tunajua mawese yanatulia kidogo yakipakwa. Lakini yanafungia moto ndani, na daktari atalazimika kuyaondoa akikwangua ngozi ya mtoto wako.

KUFUNGUA

Ondoa kwanza waya wa batri. Hapa MGB ina mtego wake. Katika magari ya kwanza, hata mwaka 1967, waya uliofungwa kwenye mwili wa gari ni ule wa alama ya kujumlisha. Magari yaliyofuata yaligeuzwa yakawa kama ya leo. Sheria haibadiliki: toa kwanza waya ule ulioshikana na mwili wa gari, uwe wa alama gani. Ukianza na ule mwingine, ufunguo wako ukigusa bati, umepata cheche na pengine kidole kilichoungua chini ya pete. Na batri za gari hili, katika zile za zamani ni mbili za volti 6, ziko nyuma ya viti, mahali ambapo watu wanazisahau. Kwa mtu wa mgodi hakuna jipya: ndiyo kufuli yako binafsi unayoitia kwenye swichi mbele ya kuingiza mkono katika mashini.

Maji ni kiasi cha lita 5 na nusu. Yakinge yote katika beseni, tutarudi kwake. Kitabu cha gari kinaagiza radiatori iondolewe, na fundi wengine wanajivunia kutoa pompi bila kuiondoa. Wanabakiza vipande vya ngozi ya vidole juu ya majani makali ya radiatori. Iondoeni, ni kazi ya nusu saa.

Bolti za pompi hazina urefu mmoja. Chukua karatasi ngumu, chora pompi kwa kalamu, toboa matundu manne, na ingiza kila bolti mahali pake. Ukirudisha ndefu mahali pa fupi, itagonga mwisho wa shimo kabla ya kukaza, na pompi itavuja, nawe utalaumu kizibo.

Karatasi ya zamani iliyoganda usikwangue ikiwa kavu, wala usiipeleke kwenye brosi ya umeme. Katika magari ya miaka ile, vitu vingi vya kuziba moteri na egzosi, na hata bitambaa vya breki, vilikuwa na amianti ndani yake. Uingereza yenyewe ilikataza kabisa amianti mwaka 1999, na gari hili ni mkubwa kuliko sheria hiyo. Vumbi lake halikohozwi likatoka. Linakaa katika mapafu miaka 20, 30, 40, kisha linadai. Lowesha kwa maji, kwangua polepole, vipande vitie katika mfuko, ufunge. Na nguo ile usiende nayo kumbeba mtoto.

Pompi ikisha kuwa juu ya meza, kitovu kinatoka kwa chombo cha kuvutia chenye miguu, si kwa nyundo. Katika pompi za kwanza, ruleman inashikwa na waya mdogo unaopita katika tundu juu ya mwili wa pompi. Mtu asiyejua hapo anapiga, anapiga, mwili unapasuka. Tafuta waya, uuvute kwa koleo, kisha sukuma mhimili upande ule tu ambao kitabu kinaonyesha.

Ikilazimika kugonga, usigonge chuma kigumu kwa chuma kigumu. Pete ya ruleman na uso wa nyundo vyote vimepikwa viwe vigumu. Vikikutana vinaruka vipande vidogo vyenye moto, na jicho halina kipuri. Vaa miwani, na weka katikati kipande cha shaba nyekundu. Hicho, sisi watu wa huku, hatutakikosa.

KUSHINDILIA VIPYA

Hapa ndipo kazi nzuri inapotengana na kazi mbaya, na tofauti yake haionekani kwa macho hata miezi mitatu ipite.

Ruleman mpya inaingia katika mwili wa pompi kwa kubanwa. Presi isukume juu ya nini? Juu ya pete ya nje, kwa kipande cha bomba chenye upana wake, wala si juu ya ncha ya mhimili. Ukisukuma mhimili, nguvu yote inapita katika vile vidonge vidogo, navyo vinachimba vishimo katika njia yao. Hutaviona. Utavisikia baada ya kilomita elfu chache, na utasema ruleman za siku hizi ni mbaya. Angalia pia kwamba tundu la ruleman limelingana na tundu la mwili, ndipo waya urudi.

Kizibo kinaingia kwa kusukuma ukingo wake wa chuma tu. Uso wa kaboni usiguswe kwa kidole chenye grisi wala kwa ncha ya bisibisi. Utazame pia uso wa gurudumu la mabawa: kama una mikwaruzo ya duara, kizibo kipya juu yake ni pesa iliyotupwa.

Wakati wa kushindilia gurudumu la mabawa na kitovu, mambo yanageuka. Sasa ni mhimili unaopokea nguvu, kwa hiyo tegemeza ncha ya pili ya mhimili juu ya meza ya presi, si mwili wa pompi. Ukitegemeza mwili, nguvu inarudi kupita katika vidonge. Vijana wa darasa huuliza: mbona kule tulishika nje, huku tunashika ndani? Jibu ni lile lile mara zote: ifuate nguvu kwa kidole, kutoka presi hata meza, na vidonge visiwe njiani.

Kitovu kiende hata uso wake ulingane na ncha ya mhimili. Kama kimeingia kwa kusukumwa na mkono, kitupe. Usikitie gundi, usikipige alama za patasi ili kibane. Kitovu hicho kinabeba feni, na tumeshasema feni inaweza kufanya nini.

Gurudumu la mabawa lisiguse mwili wala lisikae mbali. Kati ya mabawa na mwili inatakiwa nafasi ya kiasi cha nusu milimita hata robo tatu ya milimita, ipimwe kwa vile vijani vya chuma vya kupimia. Likiwa karibu mno, linakwaruza. Likiwa mbali, halisukumi maji vema na risoti ya kizibo haibanwi inavyotakiwa. Kisha zungusha kwa vidole. Izunguke kwa uzito kidogo, bila kukwama na bila kukwaruza.

Wakati presi inafanya kazi, vidole viko mbali na watoto wako mbali zaidi. Kitu kilichokaa upande chini ya presi hakianguki, kinaruka.

MAJI YA RANGI

Sasa lile beseni. Maji yaliyotoka katika moteri, mara nyingi yana rangi ya kijani au buluu. Ni dawa inayotiwa ili chuma kisishike kutu, na katika nchi za baridi ili maji yasigande. Dawa hiyo, glikoli, ina utamu. Mbwa anailamba. Mtoto anainywa, hasa kama iko katika chupa ya limonade. Na ni sumu kali: kwa mtoto mdogo, kijiko kimoja au viwili vikubwa vinaweza kumtia katika hatari ya kufa.

Ubaya wake mwingine ni kwamba inadanganya. Saa za kwanza mtoto anaonekana kama mlevi: anayumba, anacheka ovyo, anataka kulala. Mama anafikiri ni jua au ni homa. Kisha anatapika, anapumua mbio mbio. Kesho au kesho kutwa, mkojo unakatika, kwa kuwa figo zimeharibika. Dawa yake iko hospitali, na inafanya kazi vema kama mgonjwa amefika mapema, mbele ya dalili mbaya. Kwa hiyo mama, ukiona mdomo wa mtoto una rangi na beseni limepungua, usingoje dalili. Usimtapishe, usimpe maziwa ukakaa kungoja. Mchukue, chukua na chupa yenyewe ili mganga aone, muende.

Fundi naye ana wajibu wake: beseni lisilale uani hata usiku mmoja. Dawa mpya ikae katika chombo chake chenye jina, juu, chini ya kufuli. Ya zamani isimwagwe katika mfereji ambamo bata na mbuzi wanakunywa. Itie katika bidoni iliyoandikwa SUMU, na uipeleke garaji kubwa au mahali panapokusanya mafuta yaliyochoka.

KUWASHA

Rudisha pompi kwa karatasi mpya, kaza bolti kidogo kidogo kwa msalaba. Mkanda ukisukumwa kwa kidole katikati ya sehemu yake ndefu ushuke milimita 13 hivi. Ukikazwa mno unavuta mhimili upande, na ruleman mpya inachoka mapema. Ukilegea, unateleza na moteri inapata moto.

Jaza maji polepole, moteri ikiwa baridi. Usimwage kamwe maji baridi katika moteri ya moto, maana chuma cha kumwaga kinapasuka. Toa gari nje ya nyumba kabla ya kuwasha. Katika nchi za baridi fundi wengi wamekufa kwa kufunga mlango wa garaji moteri ikizunguka, na moshi ule unaoua hauna harufu ya kukuamsha. Fungua vifungo? Hapana, funga: mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko au ifungwe, mnyororo wa shingo utoke, mtoto ashikwe mkono na mtu mzima. Anayewasha aseme kwa sauti, na asiwashe mpaka fundi amejibu.

Termostati ya kawaida ya gari hili inafunguka kwa digri 82, ile iliyotolewa kwa nchi za joto kwa digri 74, kwa hiyo ngoja bomba la juu lipate moto ndipo useme maji yanazunguka. Zima moteri. Iache ipoe kabisa, ongeza maji yaliyopungua. Kesho asubuhi tia karatasi nyeupe chini ya pompi, tazama chini ya lile tundu. Matone mawili matatu siku ya kwanza, kizibo kikijizoeza, yanaweza kutokea na kukauka. Yakiendelea siku ya tatu, fungua tena, na uanze kutazama uso wa gurudumu la mabawa.